Ushahidi wa Mzee Barisa na Kifungu Kisichokuwamo

Ninaanza kwa masahihisho. Imesemwa hadharani, na mtu ambaye cheo chake kilimtaka ajue zaidi, kwamba mswada wa kurekebisha kesi za madai ulikosa nguvu kwa sababu wananchi wa Garsen hawakujitokeza kutoa maoni. Si kweli. Walijitokeza. Nilikuwamo ukumbini. Waliketi kwenye viti vya plastiki hadi vikaisha, waliobaki wakasimama ukutani, na kina mama wa mashamba ya mtoni wakaingia na majembe yao kwa kuwa walitoka palizini moja kwa moja. Maoni yalitolewa kwa Kipokomo, kwa Kiorma, kwa Kisomali, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili cha kila namna. Kama hayakufika yalikokuwa yakienda, yaulizwe makaratasi, wasilaumiwe watu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia sasa katika ukarani, wa mahakama au wa kamati. Mimi nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa yake hapa Garsen. Nimestaafu bila barua ya onyo hata moja katika jalada langu. Zamani nililitaja jambo hilo kwa fahari. Mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini siku hizi nalitaja kwa sauti ya chini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mkuu wa masjala, Bwana Kazungu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama najua kufunga fundo linaloshika lakini linafunguka kwa kuvuta mara moja. Sikujua. Nikafunga na kufungua utepe wa majalada asubuhi nzima, huku yeye akinywa chai na kunitazama kana kwamba ninashona nguo ya harusi yake. Alinifundisha kunyunyiza majivu chini ya makabati ili mchwa wasipande. Alinifundisha kutoweka jalada kwenye rafu ya chini kabisa, maana mto ukifurika hautumi hati ya wito. Alinifundisha pia kumsomea mtu alichokisema kabla hajaondoka na kumwuliza, "Ndivyo?" Hilo la mwisho ndilo nililoliona ni la kupoteza muda.

Mafuriko mojawapo yaliingia masjala licha ya majivu na rafu za juu. Tulianika majalada kwenye kamba za nguo nyuma ya kambi ya askari, tukiyabana kwa vibanio, kesi za ndoa upande huu na kesi za mashamba upande ule. Mbuzi wa askari mmoja akala ukurasa wa mwisho wa hukumu. Aliyeshindwa katika kesi ile alikuja mbio na kuomba rasmi mbuzi aitwe shahidi, kwa kuwa, alisema, yeye peke yake ndiye aliyeimeza sheria yote hadi mwisho. Bwana Kazungu alicheka hadi miwani ikaanguka. Kisha akanigeukia na kuniambia, "Karatasi ikiliwa na mbuzi, watu wanajua imeliwa. Iogope ile iliyokaa nzima na ndani yake pana kitu kimeachwa." Nilidhani anafanya mzaha tu.

Sasa niwaeleze mto, kwa maana bila mto hamtaielewa kesi. Mto Tana hauna adabu ya ramani. Mwaka wowote wa maji mengi unaweza kuacha njia yake na kuchukua nyingine, ukaacha nyuma ziwa lililopinda ambalo baadaye hukauka na kuwa shamba. Wakulima wa ukingoni hulima kwa kufuata maji. Wafugaji walioko nyuma ya mto hushusha ng'ombe kunywa kupitia njia maalumu kati ya mashamba, nazo tunaziita malka. Malka si barabara na si shamba. Ni ruhusa yenye upana. Mnajua vizuri nini hutokea kwetu malka ikifungwa. Sitaliandika hapa, kwa sababu wenye makaburi bado wako hai.

Mama Raheli ni mkulima wa ukingoni, chini kidogo ya Garsen. Pembeni mwa shamba lake palikuwa na malka aliyoitumia Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma, kama walivyoitumia baba yake na babu yake. Mto ukahama. Malka ya zamani ikawa inaishia kwenye tope kavu, na maji yakawa ng'ambo ya shamba la Mama Raheli. Mzee Barisa akaja na mkongojo wake, akasimama kwenye kunde.

"Mama Raheli, mto yako imekimbia na maji yangu."

"Mto wangu? Ungekuwa wangu ningeufunga kamba kama ng'ombe wako!"

"Basi tufanye nini?"

Walichofanya ni kubadilishana. Mama Raheli na marehemu mumewe walimpa Mzee Barisa ukanda wa shamba lao uwe malka mpya. Mzee Barisa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akawapa wao malka ya zamani waigeuze kuwa shamba. Hawakuandika lolote. Walitembea.

Hilo la kutembea lazima nilifafanue, kwa kuwa kila kitu kinasimama juu yake. Kwetu, kwa wakulima wa ukingoni na kwa wafugaji vilevile, mpaka hausemwi mahali ambapo haupo. Wenye ardhi wawili huvua viatu, huenda pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye kila alama mmoja husema "hapa" na mwenziwe hujibu "hapa." Anayeueleza mpaka akiwa mbali nao, hata kama kila neno lake ni la kweli, huhesabiwa kuwa ameanza kuuhamisha. Mtu mwenye heshima zake hawezi kufanya hivyo, kama vile asivyoweza kula kiapo kwa niaba ya mwingine. Mimi ni mtoto wa mkulima wa ukingoni. Nililijua jambo hili kabla sijajua kusoma.

Mume wa Mama Raheli alifariki. Haikupita misimu mingi, shemeji yake, Zakaria, akafungua kesi ya madai. Alidai kwamba ile malka ya zamani, ambayo sasa ilikuwa na migomba iliyostawi vizuri, ilikuwa ardhi ya baba yao tangu awali, na kwamba mjane ameivamia. Utetezi wa Mama Raheli ulikuwa mmoja tu: haikuwa ya baba yao, ilikuwa malka, na Mzee Barisa ndiye aliyewapatia yeye na mumewe. Wazee wengine waliotembea siku ile walikuwa wamekwisha fariki au wamehama. Shahidi alibaki mmoja.

Siku ya kusikilizwa orodha ya kesi ilikuwa ndefu na joto lilikuwa kali. Hakimu hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke; alikuwa mgeni wa eneo hili, na aliandika kila neno kwa mkono wake, kama ulivyokuwa utaratibu. Mimi nilikuwa mkalimani. Mzee Barisa aliacha mkongojo mlangoni, akapanda kizimbani katika kikoi kilichofuliwa, akaapa.

Wakili wa Zakaria akasema, "Mwambie shahidi aieleze mahakama mpaka wa malka hiyo unaanzia wapi na kuishia wapi."

Nilitafsiri. Mzee Barisa hakumtazama wakili wala hakimu. Alinitazama mimi. Akajibu kwa Kiorma, nami nayaweka hapa maneno yake kwa ukamilifu, kama nilivyopaswa kuyaweka siku ile:

"Miguu yangu iko hapa, na mpaka uko kule. Zakaria naye ameketi mbali nami na viatu vyake miguuni. Nipelekeni, nitasema yote, hata leo, hata kama tutakwenda kwa miguu. Lakini hapa siwezi kuusema."

Nikamgeukia hakimu na kusema, "Shahidi anasema hawezi kusema."

Maneno manne.

Wakili akauliza, "Hawezi au hataki?" Nikamwuliza Mzee Barisa, akanijibu kwamba amekwisha kusema. Nikatafsiri, "Anasema amekwisha kusema." Hakimu akaandika. Wakili akaketi akitabasamu. Mzee Barisa akaambiwa ashuke.

Mtauliza kwa nini. Nimejiuliza swali hilo miaka mingi na jibu langu halijawa zuri zaidi kwa kuzeeka. Nilikuwa nikisifiwa kwa ufupi. Mahakimu walipohama waliandika katika barua zao kwamba mkalimani huyu hapotezi muda wa mahakama. Nilikwisha kupata mazoea ya kuchuja hotuba za wazee, kuacha salamu, kuacha nasaba, kuacha mifano, na kumpa hakimu kiini. Siku ile nilichuja, na kilichomwagika ndicho kilichokuwa kiini. Kanuni zilimruhusu hakimu kwenda kuona ardhi yenyewe, ingawa hazikumlazimisha. Angesikia "nipelekeni," huenda angekwenda. Hakusikia, kwa sababu kati yake na shahidi nilisimama mimi.

Nje, Mzee Barisa alinisubiri akiwa ameegemea mkongojo.

"Wewe Karani, umesema maneno yangu yote?"

"Nimesema, mzee."

"Kiswahili yenu ni fupi sana, bwana. Mimi nimesema refu, wewe umesema kidogo, hakimu amemaliza." Akacheka, akanipiga begani. Hakunishuku. Laiti angenishuku.

Hukumu ilisema kwamba shahidi pekee wa mdaiwa alishindwa kuueleza mpaka, na kwa hiyo madai ya ubadilishanaji hayakuthibitishwa. Nilipiga chapa mwenendo wa kesi, nikaweka muhuri kwamba ni nakala sahihi. Na ilikuwa sahihi. Kila neno lililotamkwa kwa Kiswahili mle ndani lilikuwamo. Zakaria akaivuna ile migomba akiwa bado hajapanda hata mche mmoja.

Baada ya Katiba mpya tuliamini kwamba mambo kama haya yatakwisha. Someni Kifungu cha 159 kwa makini. Wengi hukitaja bila kukisoma. Kinataka haki isicheleweshwe, njia za jadi za kusuluhisha migogoro zikuzwe, na haki isizibwe na utaratibu mtupu. Lakini Katiba haiendi shambani yenyewe. Inahitaji sheria, na sheria zinahitaji kanuni, na kanuni zinahitaji mtu wa kuzitii siku ya joto kali. Mswada ninaouzungumzia ulikusudiwa kuwa sehemu ya kazi hiyo: kurahisisha kesi za madai, kuzifanya zieleweke na mtu asiye na wakili, na kuyapa nguvu ya hukumu mapatano yaliyofikiwa mbele ya wazee. Kamati ya Bunge ilipokuja Garsen kukusanya maoni, mimi nilikuwa nimestaafu mwaka uleule. Nikaandika waraka wa maoni, kurasa tatu, safi, zenye pambizo sawa.

Ombi langu lilikuwa la kifungu kimoja. Kwamba katika kesi yoyote ya mpaka, mahakama iwe na wajibu wa kwenda mahali penyewe na kuchukua ushahidi wa mpaka ikiwa pale, wahusika wote wakiwapo. Na kwamba kesi za zamani zilizoamuliwa bila kufanya hivyo ziweze kufunguliwa upya iwapo shahidi bado yu hai. Mtaona niliichagua vizuri ile sehemu ya mwisho.

Ukumbi ulikuwa na shughuli zake. Kipaza sauti kilikataa, kikakubali, kikakataa tena. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama kabla yangu akauliza, "Waheshimiwa, hii bill ikipita, sisi maboda tunapata nini? Ama ni ya wazee wa mashamba tu?" Watu wakacheka, na mwenyekiti akamjibu kwa adabu kwamba yeye pia siku moja atakuwa na shamba. "Niko na pikipiki ya deni, mheshimiwa, shamba itangoja," akasema kijana, akaketi. Niliwaza kwamba katika majibu yote ya siku ile, la kijana huyo ndilo lililoandikwa bila kuchujwa, kwa sababu karani wa kamati alikuwa akicheka na kuandika kwa wakati mmoja.

Ilipofika zamu yangu nilisoma waraka wote. Mjumbe mmoja, mama makini aliyekuwa akiandika mwenyewe, aliniuliza, "Mzee, una mfano halisi?"

Nilikuwa nao. Nikasimulia kesi nzima, bila majina. Nilipofika kizimbani nikasema, "Shahidi alitoa maelezo kamili, lakini karani mmoja akayafupisha."

Karani mmoja. Ndivyo nilivyosema, mbele ya ukumbi mzima, baada ya utumishi wangu wote wa kuwataka watu wataje majina yao kamili.

Sikujua kwamba Mama Raheli alikuwa ameketi safu ya nyuma. Nilipotoka alikuwa kivulini mwa ukuta, akikung'uta tope lililokauka kwenye jembe lake.

"Umesema vizuri, ndugu Karani," akaniambia.

"Asante, Mama Raheli."

"Huyo karani mmoja, yu hai?"

Sikupata mahali pa kuangalia. "Yu hai."

"Basi mwambie Barisa naye yu hai. Lakini anakohoa." Akaliweka jembe begani akaenda zake. Hakupaza sauti na hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaojua sheria. Kulikuwa na njia nyingine, na niliijua siku ileile. Ningeweza kuapa hati ya kiapo kwamba tafsiri yangu haikuwa kamili, nikaeleza maneno halisi ya shahidi, na Mama Raheli akaomba mahakama ipitie upya uamuzi wake. Ilihitaji karatasi mbili, kamishna wa viapo na sahihi yangu. Sikuapa. Nilijiambia kwamba mswada uko njiani, kwamba ukipita kesi itafunguliwa kwa nguvu ya sheria wala haitahitaji kiapo cha mtu, na kwamba marekebisho makubwa ni bora kuliko kuungama kudogo. Nilijiambia hivyo kwa ufasaha mkubwa. Ukweli ni kwamba sikutaka lile jalada langu la utumishi, lisilo na onyo hata moja, lipate karatasi hiyo moja.

Nilianza kuufuatilia mswada kama mtu anavyofuatilia mgonjwa. Ukasomwa mara ya kwanza. Ukapelekwa kamatini. Kifungu nilichokiomba kikaingizwa. Nilionyeshwa rasimu, na nawaambia nililia, nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha kupiga nakala. Nikaenda kumweleza Mama Raheli. Alikuwa akichambua mpunga kwenye ungo.

"Kimeingia," nikamwambia. "Bado kusomwa mara ya pili na ya tatu."

"Na Barisa atasomwa mara ngapi?" akauliza bila kuinua macho. "Amelala. Hali ila maziwa. Jana amemtuma binti yake aje aniulize kama wale wa kumpeleka wamefika."

Wale wa kumpeleka. Alikuwa bado anatusubiri, tangu siku ile ya kizimbani. Alikuwa amesema "nipelekeni," na alidhani mahakama inajipanga.

Nilimwahidi Mama Raheli kwamba nitakwenda mjini juma lile kuapa. Nilikwenda juma la tatu, na nilikwenda kwanza kuuliza habari za mswada. Nikaambiwa kwamba muhula umekwisha. Huenda hamjui, kwa hiyo nawaeleza: muhula wa Bunge ukimalizika, mswada ambao haujapitishwa huanguka wenyewe. Hakuna anayeukataa na hakuna anayeupigia kura ya hapana. Huanguka, na anayeutaka lazima auanzishe tena kutoka mwanzo, katika muhula mwingine. Nilirudi Garsen bila kuapa, nikiwa nimekasirika, na nikajiona nina haki ya kukasirika.

Mzee Barisa alifariki katika kiangazi kile. Nilikwenda mazikoni. Binti yake, Halima, alinipa maziwa na kunishukuru kwa kuja, akasema baba yake alikuwa akinitaja: yule mtu wa mahakama anayejua Kiorma.

Ndipo nikaapa. Niliandika yote, maneno manne na maneno yaliyokuwa nyuma yake, na nikaweka jina langu kamili. Mama Raheli akawasilisha ombi. Uamuzi ulikuwa wa kurasa mbili na, nasema kwa masikitiko, ulikuwa wa haki kwa mujibu wa sheria iliyopo: ombi limechelewa mno bila sababu ya kutosha, shahidi amefariki na hawezi kuhojiwa, na mkalimani aliyekaa kimya kwa miaka mingi hawezi kutegemewa peke yake. Ningekuwa mimi hakimu ningeandika vivyo hivyo.

Mswada umerudi sasa, katika muhula huu. Nimeusoma wote, pamoja na majedwali yake. Ni mswada mzuri, umepangwa vizuri kuliko wa kwanza. Kifungu cha kwenda kwenye mpaka hakimo. Nimeuliza, nimejibiwa kwamba maoni ya muhula uliopita hayakuhamishwa, na kwamba kwenye muhtasari uliobaki Garsen imeandikwa "hakuna maoni mahususi." Nimeandika upya. Safari hii sikuandika "karani mmoja." Ninyi mtakaoketi kwenye meza za kamati hizo, nawaomba jambo moja la kiufundi tu. Mtu akisema jambo msilolielewa, msilifupishe. Liandikeni refu kama lilivyo, na mikono yake inavyoonyesha, na mwulizeni kwa nini amenyamaza kabla ya kuandika kwamba amenyamaza. Mtapoteza muda. Upotezeni.

Nilikwenda mwenyewe kumsomea Mama Raheli ule uamuzi wa kurasa mbili. Nilimkuta na wanawe wawili, Yusufu na Daudi, kwenye mdomo wa malka mpya, ile aliyopewa Mzee Barisa. Vijana walikuwa wamekata miiba na kuipanga kuvuka njia, kutoka shamba hadi shamba. Ng'ombe walikuwa wamesimama upande wa pili, wengi, vichwa vimeelekezwa mtoni. Halima alikuwa mbele yao na fimbo.

Niliusoma uamuzi pale pale, wote. Nilipomaliza, Yusufu akaniuliza, "Mzee Karani, wewe sheria unaijua. Mahakama imesema hakukuwa na kubadilishana. Kama hakukuwa na kubadilishana kule, hata huku hakukuwa. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi tukifunga, tuna kosa?"

Nilitaka kusema uongo. Nimeishi nikijisifu kwamba sisemi uongo, na mnaona ulinifikisha wapi ukweli wangu. "Kisheria hamna kosa," nikamjibu.

"Umesikia, mama?" Daudi akasema. "Hata serikali imesema. Kule tumepoteza na huku tunaendelea kukanyagwa na ng'ombe. Tumekosa pande zote mbili, kama wajinga."

Mama Raheli alikuwa akimtazama Halima. Nadhani Halima alikuwa na umri wa binti yake wa kwanza. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kuchambua mpunga:

"Kule hatukupoteza, Daudi. Kule tumenyang'anywa. Huku hatukunyang'anywa na mtu. Huku tulitoa, mimi na baba yenu, na tulikuwa na akili zetu timamu. Zakaria amechukua kile, sasa ninyi mnataka achukue na hiki tulichokitoa?"

"Lakini mama, Barisa mwenyewe amekwisha kufa."

"Na ng'ombe wamekwisha kufa?"

Ng'ombe mmoja akalia kwa kiu, na wengine wakaanza kusukumana. Yusufu alikuwa bado ameshika panga. Kisha akalichomeka ardhini, akainama, na akaanza kuiondoa miiba, tawi moja moja. Nilivua koti nikaliweka juu ya nyasi pamoja na uamuzi, nikaenda kushika miiba upande wa pili.